Yah: Kuomba Uhamisho wa Mtikisiko Kutoka Mdomoni Kwenda Kidole Gumba cha Mguu

Mwalimu Damari (Mstaafu),
Kijiji cha Mgori,
Singida.
16 Juni, 2025

Kumb. Na. DM/MDOMO/01

Daktari Deo,
Kliniki ya Afya ya Akili,
Mjini.

Kupitia kwa: Ndugu Christopher, Mtendaji wa Kijiji (agonge mhuri tu, lalamiko la pili asilisome, linamhusu).

Ndugu Daktari,

Habari za kazi na za nyumbani. Mimi ni mzima wa afya isipokuwa hapo chini ya pua, na hapo ndipo ninapoelekea.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua umekisoma mara mbili. Kisome na ya tatu, sijakosea.

Ili usipate shida ya kunitafuta kwenye mafaili, mimi ni yule bibi wa miaka sabini mwenye kitambaa cha bluu, ninayekuja Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, ambaye mdomo wake hufika kliniki kabla ya yeye mwenyewe. Mwezi huu ulinikalisha, ukaniambia nipanue kinywa, ukautazama ulimi wangu unavyocheza ngoma humo ndani bila mpigaji. Ukaniambia kwamba mtikisiko huo siyo uzee, siyo mapepo, wala siyo tabia mbaya, bali umeletwa na vidonge ninavyomeza mwaka wa tisa sasa. Ukasema nisiviache ghafla. Ukasema mtavipunguza kidogo kidogo, na kwamba mtikisiko huenda ukapungua na huenda ukabaki. Nilikushukuru, nikapanda gari nikarudi Mgori. Nikiwa njiani nikayapitia maneno yako yote tena, kama ninavyosahihisha daftari, nikagundua kwamba kuna jambo moja hukulikataa. Hukusema kwamba hauwezi kuhama. Ndiyo maana nimekaa mezani leo.

Kabla ya malalamiko nieleze kwanza kwa nini siombi vidonge viondolewe. Mwaka uliofuata baada ya kustaafu ualimu, nilianza kutembelewa na wakaguzi wa shule watatu ambao watu wengine hawakuwaona. Walidai andalio la somo. Walilidai kisimani, walilidai kanisani katikati ya sala, walilidai nikiwa naoga. Nikaanza kuliandika kwa mkaa kwenye kuta za majirani. Siku moja nilifundisha hesabu za kugawanya mbele ya shamba la mtama kuanzia saa mbili asubuhi hadi mchana, na nikaisimamisha mistari miwili ya mtama iliyopiga kelele. Mgori nzima ilikuwa barabarani inatazama. Vidonge vyenu viliwaondoa wakaguzi wale ndani ya wiki sita, wakaenda zao bila hata kusaini kitabu cha wageni. Kwa hilo nawashukuru mpaka naingia kaburini. Sina ugomvi na dawa. Ugomvi wangu ni kituo cha kazi ambacho dawa imeupangia mtikisiko.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mdomo wangu unatafuna bila chakula. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani viliingia wiki moja, na kwa hiyo nilikosana na dini mbili kwa mpigo. Mchungaji Benson alihubiri juu ya kujinyima huku macho yake yakiwa kwangu, kwa kuwa katika benchi lote la mbele mimi peke yangu nilikuwa nakula. Nilikuwa sili kitu, Daktari. Tumbo langu lilikuwa tupu tangu jana yake na lilikuwa linalia kwa sauti. Alipofika pale anaposema wapo watu wanaofunga kwa midomo tu, kanisa zima liligeuka kunitazama. Ilinibidi nimfuate nje baada ya ibada nimweleze kwamba kwangu mimi ni kinyume chake, nafunga kila mahali isipokuwa mdomoni.

Nikaona nikapumzike kwa jirani yangu Bi Zuhura, Mwislamu safi, mtu wa heshima zake. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka anasubiri magharibi, midomo imemkauka. Akaniona nakuja taratibu, natafuna. Akainuka, akakunja mkeka, akaingia ndani. Urafiki wetu una miaka arobaini. Ilinibidi nisimame mlangoni kwake nimepanua kinywa chote aone hamna kitu, kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

2. Ulimi wangu unatoka kusalimia watu bila kutumwa. Mtendaji wetu, Ndugu Christopher, nilimfundisha darasa la tatu na ni kijana mwenye adabu. Kila asubuhi akipita kwangu huinama na kusema shikamoo Mwalimu. Mimi huitikia marahaba, na nyuma ya marahaba huja ulimi. Kijana wa watu anainama kwa heshima, akiinuka anakutana na ulimi. Baada ya wiki mbili alikuja nyumbani kwangu na mashahidi wawili na daftari la mbolea ya ruzuku, akanisomea majina yote ya waliopata, ili nijue kwamba hakumpendelea mtu. Sikuwa nimemtuhumu. Ila kwa kuwa alishafika, nilimsahihishia majina manne aliyokosea kuandika.

Hilo ni dogo. Kwenye maziko ya mama yake Obadia, mfugaji nyuki mwenzetu, Obadia alisimama kutoa neno la familia, nami nilikuwa nimekaa mbele na akina mama wazee, ana kwa ana naye. Kila alipomsifu marehemu, ulimi ulitoka. Alisema mama alikuwa mkarimu, ukatoka. Alisema mama hakuwahi kumsema mtu, ukatoka mpaka kidevuni. Marehemu alikuwa rafiki yangu wa kusukana nywele, Daktari, na machozi yalikuwa yananitiririka. Lakini nani anatazama machozi wakati ulimi uko nje? Tangu siku hiyo Obadia ananipita kama anapita mti.

3. Mbuzi wa jirani wamenikubali. Nikikaa kivulini wanakuja kulala kando yangu, wao wanacheua na mimi natafuna, tunatazamana. Sina neno baya juu yao, ni wasikivu kuliko madarasa kadhaa niliyopata kuwa nayo. Lakini nimefundisha miaka thelathini na saba, na sikutarajia kumalizia kwenye baraza la namna hiyo.

4. Hapa ndipo pananiuma, kwa hiyo nitaeleza kirefu.

Wewe si mtu wa Mgori, kwa hiyo huenda hujui jinsi asali inavyopimwa katika kikundi chetu cha wafuga nyuki. Mwonjaji hasemi. Ukimwambia mtu mbele ya wenzake kwamba asali yake ni mbaya, wajukuu zenu hawataoana. Ndiyo maana tangu enzi za wazee wetu mwonjaji huchota kijiko, hufumba macho, kisha hupiga midomo, pa! Akipiga mara moja, asali hiyo ni ya kutengenezea pombe. Akipiga mara mbili, ni ya kula nyumbani. Akipiga mara tatu, ni daraja la kwanza, inatoka nje ya kijiji ikiwa na jina letu. Mwenye asali husikia, huinua ndoo yake, huondoka bila kutukanwa na mtu.

Kazi hiyo aliifanya marehemu baba yangu mpaka anafariki. Nilipotoka kwenye ugonjwa, wakati akina mama bado walikuwa wanawaita watoto wao ndani nikipita, Eliza, katibu wa kikundi, alikuja kwangu ameshika kijiko. Hakuniuliza habari za kichwa changu. Aliniambia hawana mwonjaji tangu baba yangu afariki, na kesho yake kulikuwa na asali. Nililia, na naandika hapa bila kuona haya kwamba nililia. Vidonge viliwaondoa wakaguzi, lakini kijiko kile ndicho kilichowarudisha majirani.

Sasa niambie, mwonjaji ambaye midomo yake inapiga pa pa pa tangu anaamka mpaka analala atafanyaje kazi? Kwa kanuni za kikundi, kila kitu kinachopita mbele yangu ni daraja la kwanza. Nimepasisha maji ya kisima. Nimepasisha hotuba ya mgeni rasmi. Mwezi Juni mwaka jana nilipasisha ndoo tatu zilizonuka moshi kama jiko la shule, na mnunuzi akazirudisha kutoka mjini huku zimeandikwa jina la kijiji. Utasema, Mwalimu, si ufungue kinywa useme? Ladha bado naijua vizuri sana, hiyo haijaguswa. Basi siku ndoo ziliporudi nilisema. Nilisema neno moja tu, moshi, na hadi leo kuna ndugu wawili wa tumbo moja hawaongei.

Kweli, tangu hapo hakuna ndoo nyingine iliyorudishwa, jambo ambalo mimi naliona ni huruma ya Mungu, maana sijui zinachaguliwaje. Naamini wananiachia kijiko kwa kunistahi tu. Na Eliza naye ameota tabia mpya: nikiweka kijiko kinywani ananikodolea mdomo, kalamu mkononi, hapepesi macho. Inaudhi.

5. Jumamosi hii, tarehe 21, kikundi kina mkutano mkuu, na ajenda ya tatu imeletwa na Obadia. Inaitwa Kumpumzisha Mwalimu. Amepata mahali kipimo cha kioo ambacho ukikidondoshea asali na ukachungulia kwenye mwanga kinakuambia ina maji kiasi gani. Kifaa kizuri, sikatai. Kinajua maji. Moshi hakiujui. Hakijui kama nyuki walikuwa kwenye alizeti za watu au walikuwa ndani kabisa ya msitu. Hakijui kwamba mtu alikamua masega mabichi kwa haraka zake. Lakini midomo yake haitikisiki, na kwa sababu hiyo kitapewa kazi yangu, nami nitapewa kitenge na hati ya shukrani.

Daktari, mimi nilishastaafu mara moja, na nilipewa hati pia. Mwaka uliofuata walikuja wakaguzi. Ninaogopa kustaafu mara ya pili. Hilo ndilo lililo chini ya malalamiko haya yote, na ungelipiga mstari mwekundu lau ungekuwa mwalimu.

6. Lalamiko hili ni la kliniki, na nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe uliyepo, ingawa ulihamia juzi Februari na huna kosa. Kwa miaka tisa nimepandishwa kwenye mizani yenu zaidi ya mara mia moja. Uzito wangu unajulikana kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Hakuna aliyeniambia kwamba vidonge hivi vinaweza kumfanya mzee atafune hewa, wala hakuna aliyenitazama mdomo, ingawa mdomo wenyewe ulikuwa unapunga mkono kwa njia zote ulizonazo. Nilipouliza dirishani kwa nini natafuna, nikaambiwa ni uzee. Nilipouliza mara ya pili, nikaambiwa labda ni meno. Wakang'oa mawili. Mdomo ukashukuru, ukaendelea, maana sasa ulikuwa na uwanja mpana zaidi.

Laiti ningeambiwa mapema ningewaeleza watu wangu mapema, na Obadia asingemzika mama yake akidhani nimemkejeli. Hiyo haikuhitaji mashine. Ilihitaji mtu anitazame usoni badala ya kutazama karatasi.

Baada ya maelezo hayo, sasa naleta ombi langu rasmi: mtikisiko uliopo mdomoni upewe uhamisho wa kudumu kwenda kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nimefanya upekuzi wa mwili mzima na nimeona hakuna kituo kinachofaa zaidi. Kidole hicho hakina majukumu yoyote. Tangu nizaliwe kazi yake imekuwa kujikwaa. Kinakaa ndani ya kiatu, ambamo kinaweza kutafuna, kucheza na kutoka nje bila kumkwaza mtumishi wa Mungu. Mgori hakuna anayefunga, anayesalimia, anayezika wala anayeonja asali kwa kidole cha mguu. Halafu kina uzoefu, kwa kuwa miaka ishirini niliyoimba kwaya ndicho kilichokuwa kinapiga mapigo, na mwalimu wa kwaya alikisifu. Nyumba kinayo. Posho ya uhamisho sidai.

Endapo utajibu, kama wanavyojibu maofisini, kwamba nafasi hiyo haina ikama, yaani haijatengewa mtumishi, basi niko tayari kwa utaratibu wa kubadilishana vituo, ambao sisi walimu tunaufahamu na huwa haukataliwi. Mtu nimeshampata. Ni Mzee Anselm wa Ikungi, tunayekutana naye kwenye foleni yenu. Yeye vidonge vimempa miguu. Akikaa kwenye benchi miguu inatembea, na kwa hesabu yangu kila kliniki anakwenda na kurudi Ikungi akiwa amekaa palepale. Upande wa mdomo, Mzee Anselm ni mtu kimya kupita kiasi. Mkewe, Mama Kristina, alinilalamikia kwamba ameongea peke yake ndani ya nyumba ile kwa miaka arobaini na mbili, na kwamba hata mdomo ukitikisika tu bila kutoa neno, yeye atahesabu kuwa amejibiwa. Mimi miguu yake nitaipokea kwa mikono miwili, kwani mizinga yangu iko mbali, ukingoni mwa msitu. Nilipomweleza Mzee Anselm mpango huu aliinuka kwa furaha. Mkewe aliniambia huwa anainuka hivyo kila dakika, lakini mimi nilimwona usoni.

Naomba majibu kabla ya Jumamosi saa nne asubuhi. Ikishindikana, nakutaarifu kwamba kuanzia Alhamisi sitameza vidonge, ili mdomo upate utulivu wa kuingia mkutanoni kama midomo ya watu wengine. Najua ulinikataza. Ndiyo maana naandika mapema na kwa mhuri, usije ukasema baadaye kwamba hukuambiwa, maana hayo maneno ya kutoambiwa hapa kijijini tayari yana mwenyewe, ndiye mimi.

Nisalimie wote hapo kliniki. Msalimie dada wa mizani, mwambie sijapungua. Msalimie mlinzi wa getini ambaye huniuliza kila mwezi natafuna nini nimgawie. Wasalimie waliong'oa meno, mwambie kila mmoja kwamba yaliyobaki hayajambo. Bi Zuhura naye anakusalimu. Sasa anajua, na ameniomba radhi, na futari tulikula wote.

Wako mtiifu, isipokuwa mdomo,

Mwalimu Damari (Mstaafu)

Nakala:
Mchungaji Benson, kwa taarifa.
Mzee Anselm, Ikungi, aanze kufungasha.

Tanbihi, Jumatatu, 23 Juni:

Daktari, barua hii haikuondoka. Ndugu Christopher alikwenda semina na mhuri ukiwa mfukoni, na barua bila mhuri mimi siitumi. Kwa hiyo imenibidi niongeze haya, na baada ya kuyasoma naomba uyasahau yale ya juu.

Alhamisi sikumeza, kama nilivyokutaarifu. Kidonge nilikiweka kwenye kopo la chaki. Ijumaa hali kadhalika. Mdomo haukutulia hata kidogo. Ulizidi, kama darasa ambalo mwalimu ametoka kidogo. Ijumaa alasiri nilikuwa nachambua mboga, nikasikia mtu anakohoa nyuma ya ghala. Kikohozi kile nakijua. Ni cha yule mkaguzi mkubwa, mwenye miwani, huwa anakohoa kabla ya kuuliza andalio la somo. Daktari, nilikimbia na miaka yangu sabini, nikameza kabla hajamaliza kukohoa. Tangu hapo nimemeza kila siku. Hajaingia. Naomba unigombeze nikija, na ugombeze kwa sauti, nimestahili.

Jumamosi nilikwenda mkutanoni na kijiko kimefungwa kwenye leso, tayari kukikabidhi. Mwenyekiti akasema Mwalimu aonje kwa mara ya mwisho, iwe ya kumuaga. Ndoo zilikuwa sita. Obadia alisimama upande wa pili na kioo chake, anadondosha, anachungulia. Ndoo ya kwanza kioo kilisema safi. Mdomo wangu ukasema pa pa pa kama kawaida, ingawa nilikuwa nausikia moshi hadi puani. Ya pili pa pa pa, ya tatu, ya nne. Nilikuwa nimechoka na moyo umeshuka, natamani kitenge chenyewe kije niende nyumbani.

Kwenye ndoo ya tano nilifumba macho, nikaweka kijiko. Ilikuwa asali ya ndani kabisa ya msitu, ya baada ya mvua, na nyuma yake kabisa kulikuwa na kitu nilichokionja mara ya mwisho mkononi mwa baba yangu. Nilikaa nayo. Nilipofumbua macho watu wote walikuwa wamesimama, hakuna anayetikisika. Nikadhani kuna aliyeanguka. Ndipo nikatambua kwamba kuna kitu sikisikii. Nilikuwa sijisikii mimi. Mdomo ulikuwa umetulia, Daktari. Umefungwa, umenyooka, kama mdomo wa picha ya kitambulisho.

Eliza akapiga daftari kwa kiganja akasema kwa sauti, daraja la kwanza! Watu wakapiga makofi, na Obadia akakaa chini juu ya ndoo. Asali ilikuwa yake.

Kumbe wanafanya hivyo tangu Agosti mwaka jana. Eliza alinifungulia daftari. Kila ukurasa una mwandiko wake: Mwalimu hakutulia, moshi. Mwalimu ametulia kidogo, ya nyumbani. Mwalimu ametulia sana, daraja la kwanza. Ndiyo maana hakuna ndoo iliyorudi. Pa pa pa waliacha kuihesabu zamani, walikuwa wanasubiri ninyamaze. Walijua wote, isipokuwa mimi, na Obadia ambaye tangu maziko hakai karibu nami kiasi cha kuona. Nilimuuliza Eliza kwa hasira kwa nini hakuniambia. Alisema, "Mama, tungekuambia ungeanza kujikaza."

Ajenda ya tatu ilifutwa na mwenye nayo. Kioo kitapima maji na mimi nitapima yaliyobaki. Baada ya mkutano Obadia alinifuata, akasimama mbele yangu, akasema shikamoo Mwalimu. Nikamwitikia marahaba. Ulimi ukatoka mzima mzima. Akacheka mpaka akajifuta machozi, na mimi nikacheka, nikamweleza yote uliyoniambia, na nikamwambia mama yake alikuwa mkarimu kweli.

Kwa hiyo, Ndugu Daktari, naomba kuondoa ombi langu la uhamisho. Mtikisiko ubaki kwenye kituo chake cha sasa, una kazi. Mzee Anselm mwambie asimamishe safari, na Mama Kristina mpe pole. Kidole gumba nimekijulisha mwenyewe, hakikuonyesha masikitiko. Vidonge endelea kuvipunguza kidogo kidogo kama ulivyopanga, nami nitakuwa nameza vinavyobaki, kila siku, mbele ya Bi Zuhura, ambaye amejiteua kunisimamia. Ile hofu ya Eliza isikusumbue. Mimi nimejua, ila mdomo haujaambiwa, na kwa kuwa haupokei maagizo kutoka kwangu, siri iko salama.

Nitakuja tarehe 2 Julai na chupa ya asali ya Obadia, ya kwako. Lalamiko la sita tu ndilo linabaki kama lilivyo: unitazame usoni, na wenzangu wote wa foleni uwatazame hivyo hivyo. Na ukipita ukanikuta kwenye benchi mdomo umetulia, tafadhali usiandike kwenye faili kwamba nimepona. Nitakuwa naonja.